Hongo imevuka mpaka, ushahidi uko Bungoma: uupeleke wapi?

Tuseme wewe ni karani wa stoo katika kiwanda cha sukari, au mhasibu wa kampuni ya maji ya kaunti, au fundi uliyeajiriwa na mwanakandarasi kutoka ng'ambo. Umeona ankara ya bidhaa ambazo hazikuwahi kushushwa kwenye lori. Umeona bei ikipandishwa maradufu na ziada ikilipwa kampuni ya ushauri isiyo na ofisi wala wafanyakazi. Pesa zenyewe hazikukaa Bungoma wala Kisumu. Zilipitia Nairobi zikaenda kutua kwenye akaunti ya kisiwa fulani huko Ulaya. Sasa una makaratasi mkononi, na hujui nani wa kukusikiliza.

Ukiuliza mtaani utapata majibu manne. Nenda EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Achana na EACC, waandikie Waingereza au Wamarekani. Mradi ule ni mkopo wa Benki ya Dunia, waambie wenye pesa. Na jibu la nne, linalosikika sana tangu sakata ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Adani: twende kortini. Kila moja lina ukweli wake. Shida ni kwamba kila mlango una kitu chake cha kutoa, na nimeona watu wenye ushahidi mzuri wakikata tamaa na haki yenyewe, ilhali walibisha tu penye mlango usiokuwa na walichokitafuta.

Mambo ya kupima kwanza

Kubwa kuliko yote ni hili: unataka nini kitokee? Wengi husema "haki itendeke" na kuishia hapo. Kumfunga afisa aliyekula hongo ni jambo moja. Kuiadhibu kampuni iliyoitoa ni jingine. Kusimamisha mkataba kabla pesa hazijatoka ni la tatu, na kurudisha pesa zilizokwisha kuibwa ni la nne. Sijaona ofisi inayofanya yote manne vizuri.

Pili, mamlaka: ofisi hiyo ina nguvu za kisheria juu ya nani? Tatu, ushahidi: wewe binafsi unatakiwa kuja na nini? Nne, usalama wako: nani atalijua jina lako, na lini? Tano, muda na gharama. Na ongeza swali ambalo karibu kila mtu hulisahau: pesa zikipatikana, zinaingia mfuko wa nani?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, na kabla ya kufika kwenye milango yenyewe nitaeleza sababu.

Matairi ya Nzoia

Februari 2015, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, ilitangaza kwamba kampuni ya matairi ya Goodyear imekubali kulipa zaidi ya dola milioni 16. Kwa maelezo ya SEC, kampuni zake tanzu za Kenya na Angola zilitoa hongo ya zaidi ya dola milioni 3.2 kati ya 2007 na 2011 ili zipate kuuza matairi. Ile ya Kenya iliitwa Treadsetters Tyres. Mbinu haikuwa ya ajabu: yanaidhinishwa malipo ya bidhaa za matangazo ambazo hazipo, hundi inaandikwa ya kutolewa taslimu, na vitabuni inaingizwa kama gharama za matangazo. Katika orodha ya taasisi ambazo wafanyakazi wake walitajwa kuhongwa kuna Mamlaka ya Bandari, Telkom Kenya, Jeshi la Wanahewa, wizara ya barabara, na katikati yao Nzoia Sugar ya Bungoma. Goodyear ililipa bila kukiri wala kukana.

Mzee mmoja mkulima wa miwa pale Bukembe aliniuliza: "Kijana wangu, kiwanda kiko hapa, miwa ni yetu, hongo ililiwa hapa. Mbona faini imelipwa kule?" Nikamweleza kwamba kosa lililoadhibiwa ni la kampuni inayouza hisa Marekani kuandika vitabu vya uongo na kukosa udhibiti wa ndani, kwa hiyo pesa zilikwenda kwa serikali ya Marekani. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hilo ni kosa lao. Kosa letu sisi ataliadhibu nani?" Kwa mkulima anayesubiri malipo ya miwa miezi na miezi, hilo ni swali la haki kabisa.

Linganisha na kisa kingine cha miaka hiyohiyo. Desemba 2014, mahakama ya London iliikuta na hatia Smith & Ouzman, kampuni ya uchapishaji ya mji wa Eastbourne, kwa kuwahonga maafisa wa Kenya na Mauritania ili ipewe kandarasi za kuchapisha, zikiwemo karatasi za kura. Mkurugenzi wake wa mauzo alifungwa miaka 3, na Januari 2016 kampuni ikaamriwa kulipa jumla ya pauni milioni 2.2 hivi. Sehemu ya pesa hizo ilirudi Kenya na mwaka 2017 ikanunua magari ya kubebea wagonjwa. Visa vyote viwili ni vya hongo iliyotolewa na kampuni ya nje kwa maafisa wetu. Kimoja kilituletea ambulensi, kingine hakikumletea mkulima wa Bukembe chochote. Tofauti ilitokana na sheria iliyotumika, na iwapo kulikuwa na mtu aliyewakumbuka walioibiwa wakati wa kugawa.

Mlango wa kwanza: EACC

Matokeo. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi huchunguza, kisha hupeleka faili kwa Kiongozi wa Mashtaka ya Umma, DPP, ambaye ndiye mwenye uamuzi wa kushtaki. Tume pia inaweza kwenda kortini yenyewe kudai mali irudishwe, na chini ya kifungu cha 55 cha sheria ya ufisadi ya 2003 mtu aliye na mali isiyolingana na mapato yake anaweza kutakiwa kueleza aliipata wapi. Ukitaka afisa wa hapa nyumbani ajibu mwenyewe, huu ndio mlango ulio karibu. Na mali ikirudishwa, inarudi kwa umma wa Kenya.

Mamlaka yake yanakwama mpakani. Rekodi za benki ya ng'ambo zinaombwa kupitia sheria ya 2011 ya kusaidiana kisheria na nchi za nje, barua zikienda serikali kwa serikali. Benki ikiwa Nakuru au Kisumu, amri ya korti inatosha. Ikiwa iko Uswisi, kaa chini usubiri.

Ushahidi unaotakiwa kwako ni wa kuwafungulia njia tu. Huna haja ya kuthibitisha wizi. Tarehe, majina, namba za zabuni na mahali karatasi zilipo vinatosha kuanzia. Ofisi za tume ziko Kisumu, Nakuru, Bungoma, Eldoret na Kisii, kwa hiyo huhitaji nauli ya Nairobi.

Usalama ni wa vipandevipande. Kifungu cha 65 cha sheria ya 2003 kinamkinga mtoa habari na kuficha jina lake katika kesi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinamwadhibu anayemtisha au kumnyanyasa aliyeripoti, na kuna sheria ya 2006 ya kulinda mashahidi. Kwenye karatasi ni mengi. Ofisini, ambako watu watatu tu ndio huiona vocha ile, bosi atajua ni nani aliyesema hata kama jina halikuandikwa popote. Kwa hiyo, kama unatumia njia ya tume ya kuripoti bila jina, usitaje jambo linalojulikana na wewe peke yako mpaka mchunguzi amelipata kwa njia nyingine.

Muda ndio udhaifu mkubwa. Kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, yaliyotolewa kandarasi kwa kampuni ya Italia, CMC di Ravenna, ilifunguliwa Julai 2019 dhidi ya waziri wa fedha wa wakati huo, Henry Rotich, na wenzake. Desemba 2023 waliachiliwa huru, hakimu akiulaumu vikali upande wa mashtaka kwa jinsi ulivyoiendesha kesi. Walioshtakiwa wana haki ya kuachiliwa ushahidi usipotosha, hilo silipingi. Lakini watu wa Kerio waliotarajia kujua ukweli wa mabwawa yale hawakuupata kortini.

Unamfaa mwenye ushahidi dhidi ya mtu aliye Kenya, mwenye mali Kenya, na asiye na haraka ya wiki mbili.

Mlango wa pili: wachunguzi wa nje

Matokeo. Hawa huikamata kampuni. Sheria ya Marekani ya 1977 na ile ya Uingereza ya 2010 zinamwadhibu mtoaji hongo hata kama aliitoa Webuye au Rongai. Faini zake huwa nzito kuliko zetu, na jina la kampuni huchafuka mahali inapoumia, yaani sokoni.

Mamlaka yanahitaji kamba ya kuiunganisha kampuni na nchi ile: imesajiliwa huko, inauza hisa huko, inafanya biashara huko, au pesa zilipitia benki za huko. Mwanakandarasi asiye na kamba hiyo, Marekani au Uingereza haitamgusa hata ukiandika barua mia.

Jersey ni mfano wa kuudurusu polepole. Windward Trading, kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa hicho na iliyokuwa ya Samuel Gichuru, aliyeiongoza kampuni ya umeme ya Kenya kwa miaka mingi, ilikiri makosa manne ya utakatishaji wa fedha Februari 2016. Korti ikatwaa zaidi ya pauni milioni 3.2 na dola laki 5 na zaidi. Ndani ya hukumu kulikuwa na malipo ya kampuni za kigeni zilizofanya biashara na shirika letu la umeme. Mwaka 2018 Kenya ilitia saini mwafaka wa kurejesha mali ya ufisadi pamoja na Uingereza, Uswisi na Jersey, na mwaka 2022 Jersey ikakubali kurudisha takriban pauni milioni 3 zitumike katika afya wakati wa Covid.

Hapo pesa zilirudi. Watu je? Jersey ilitoa hati za kuwakamata Gichuru na Chris Okemo, waziri wa zamani aliyekuwa mbunge wa Nambale, mwaka 2011. Wote wawili walipinga. Mwaka 2021, miaka kumi baadaye, Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa bado inaamua ni ofisi gani ya serikali, DPP au Mwanasheria Mkuu, yenye mamlaka ya kupeleka ombi hilo kortini. Iliamua ni DPP. Kesi yenyewe juu ya hatia ilikuwa haijaanza, na hadi mahakama iseme vinginevyo hao wawili ni watu wasio na hatia. Ukiutafakari muda huo utaelewa kwa nini nasema mlango huu huikamata kampuni na akaunti kuliko binadamu.

Ushahidi wanaoutaka ni wa kiwango cha juu: mikataba, baruapepe, rekodi za malipo. Hadithi ya baraza haitoshi.

Usalama na gharama. SEC ina mpango wa kumlipa mtoa habari kati ya asilimia 10 na 30 ya kinachokusanywa, iwapo adhabu inazidi dola milioni 1, na si lazima uwe Mmarekani. Ukitaka kuficha jina ni lazima uwakilishwe na wakili. Ila Februari 2025 Rais wa Marekani aliamuru utekelezaji wa sheria ile ya 1977 usimamishwe kwa muda, na Juni mwaka huohuo wizara ya sheria ikatoa mwongozo mpya unaotanguliza kesi zinazogusa maslahi ya Marekani. Aliyekuambia utatajirika haraka hajasoma mwongozo huo.

Unamfaa mfanyakazi wa ndani wa kampuni ya kigeni, mwenye nyaraka, anayeweza kungoja miaka.

Mlango wa tatu: aliyekopesha pesa

Miradi mingi mikubwa ya eneo hili ni ya mikopo. Benki ya Dunia iligharamia kazi za kuzuia mafuriko ya mto Nzoia, na shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, lilitoa pesa za mradi wa mji wa Kisumu. Kutaja hivyo si kusema kulikuwa na wizi. Ninachosema ni kwamba mkopeshaji ana ofisi yake ya uchunguzi, na wengi hawajui.

Kujua mkopeshaji ni nani ni rahisi. Nenda usome bango la mradi pale kando ya barabara, lile la bati lenye nguzo mbili. Juu kuna nembo ya wizara au kaunti. Shuka chini: mfadhili, mwanakandarasi, mhandisi mshauri, namba ya kandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Lipige picha lote, hasa ile namba, kwa sababu bango likianguka kwenye mvua halirudishwi, na namba hiyo ndiyo itakayotafutwa na kila ofisi utakayoiandikia.

Matokeo. Kitengo cha uadilifu cha Benki ya Dunia hakifungi mtu. Kinachunguza udanganyifu, hongo, njama za zabuni, vitisho na kuzuia uchunguzi, na kampuni ikipatikana na makosa hufungiwa isipate kandarasi za benki. Tangu mwaka 2010 benki kubwa za maendeleo, ikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika, zina mapatano kwamba kampuni iliyofungiwa na moja kwa zaidi ya mwaka mmoja inafungiwa na zote. Kwa mwanakandarasi anayeishi kwa zabuni hizo, hiyo ni adhabu kali kuliko faini ya hakimu.

Mamlaka yanaishia kwenye pesa za benki. Mradi wa bajeti ya kaunti hauwahusu hata kidogo.

Ushahidi wa mwananchi wa kawaida unaweza kuwa wa maana hapa: picha za kazi iliyoachwa nusu, tarehe, namba ya kandarasi, na mtu aliyeombwa chochote ili apewe kazi. Jina unaweza kulificha, na hulipi kitu.

Kuna jambo linalochanganya watu, na jirani zetu wa Nakuru wanalifahamu vizuri. Jamii ya Wamaasai iliyohamishwa kupisha mradi wa mvuke wa Olkaria ilipeleka malalamiko mwaka 2014 kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwa ofisi ya malalamiko ya Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikapata upatanishi. Ofisi zile ni za watu walioumizwa na mradi: ardhi, makao, njia ya mifugo. Ofisi ya hongo ni nyingine. Ukiwa na malalamiko ya aina zote mbili andika barua mbili, kwa sababu ukiyachanganya hongo itapotelea kwenye faili ya ardhi.

Pesa je? Hapa niseme wazi kinachonikera. Benki ikigundua matumizi yasiyoeleweka huitaka serikali irudishe, kama ilivyotakiwa Kenya baada ya ukaguzi wa mwaka 2011 wa mradi wa maeneo kame. Serikali hurudisha kwa kodi zetu. Mwizi akibaki na pesa, mwananchi amelipa mara mbili. Kwa hiyo mlango huu usiufuate peke yake. Nakala ya malalamiko yako ifike EACC pia.

Unamfaa mwanakijiji, fundi au mshindani aliyenyimwa zabuni kwa hila, iwapo mradi ni wa mkopo.

Mlango wa nne: Mahakama Kuu

Matokeo. Korti inaweza kusimamisha mkataba. Haimfungi mtu katika kesi ya aina hii, lakini inazuia pesa kutoka, na pesa ambazo hazijatoka hazihitaji kutafutwa Jersey.

Oktoba 2024, shirika la umeme la KETRACO lilitia saini na kampuni ya Adani mkataba wa dola milioni 736 wa kujenga njia za umeme na vituo. Miongoni mwake ni njia ya kutoka Rongai kupitia Keringet hadi Chemosit, na kituo cha Thurdibuoro kule Nyakach. Kabla mwezi haujaisha, Chama cha Mawakili kilipata amri ya Mahakama Kuu ya kuusimamisha. Mwezi uliofuata waendesha mashtaka wa Marekani walimfungulia Gautam Adani mashtaka yanayohusu kandarasi za India, si za Kenya, na siku iliyofuata, Novemba 21, Rais Ruto akatangaza bungeni kufutwa kwa mipango ya Adani ya umeme na ya uwanja wa ndege wa JKIA. Korti ilikuwa imeshikilia mlango mpaka habari za nje zikafika.

Mamlaka ni mapana. Vifungu vya 22 na 258 vya Katiba vinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya umma, na kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa serikali uwe wa haki, wazi na wa ushindani. Kuna Mahakama Kuu Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Nakuru.

Ushahidi ndio mtego. Okiya Omtatah, ambaye sasa ni seneta wa Busia, aliposhtaki kuhusu kandarasi ya reli ya SGR mwaka 2014, nyaraka muhimu alizokuwa amepewa na watu wa ndani zilitupwa nje kwa kuwa hazikuombwa kwa utaratibu wa sheria. Mahakama ya Rufaa ilipotoa uamuzi mwaka 2020 ilikubali zitupwe, ingawa ilisema ununuzi ule ulikiuka sheria, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Mpaka leo naona watu wakikimbilia kuandika kesi juu ya karatasi zilizovuja bila kuziomba rasmi.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba mkataba kwa barua. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea 14 mara moja. Ukinyimwa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman, yenye tawi Kisumu. Andika barua nakala mbili. Moja iache kwa karani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani. Karani akikwambia muhuri umefungiwa kabatini, mwambie utangoja. Bila muhuri huo, siku 21 hazina pa kuanzia.

Usalama: jina lako liko wazi, liko juu ya kesi. Ndiyo maana ni vizuri shirika au kundi la wakaazi liwe mbele, si karani mmoja wa stoo. Gharama hutegemea wakili, ingawa kanuni za 2013 zinaruhusu korti kupokea hata barua ya kawaida, na mara nyingi anayeshtaki kwa nia njema kwa ajili ya umma hatozwi gharama za upande wa pili akishindwa. Mara nyingi, si kila mara.

Unalifaa kundi la watu, mkataba ukiwa bado mbichi.

Hague, Arusha na magazeti

Huku kwetu kila baraza huwa na anayesema twende Hague. Mahakama ile inashughulikia mauaji ya halaiki, uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na uchokozi. Ufisadi haumo. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyo Arusha inaweza kuamua kama serikali imekiuka mkataba wa jumuiya, lakini lazima ufike ndani ya miezi miwili tangu kitendo au tangu ulipokijua, na wengi hufika wamechelewa. Waandishi wa habari wanaweza kufanya kazi ambayo ofisi zote hizo zimelala juu yake. Kumbuka tu kwamba kesi ya kuchafuliwa jina bado ipo, kwa hiyo wape nyaraka, usiwape tuhuma kwenye mtandao kwa jina lako.

Kulingana na hali yako

Mkataba haujatekelezwa au pesa bado hazijalipwa: anza na korti, mkiwa kundi. EACC waandikie siku hiyohiyo.

Uko ndani ya kampuni ya kigeni na una nyaraka: usimwonyeshe mfanyakazi mwenzako yeyote. Usichukue faili asili. Andika namba zake na mahali zilipo. Ukitaka ushauri wa bure wa kisheria kabla ya kufanya lolote, shirika la Transparency International Kenya lina kituo cha ushauri Kisumu. Kisha amua kati ya EACC na mchunguzi wa nje kwa kutazama hisa za kampuni zinauzwa wapi. Na kama wewe ni mwenye cheo hapo kazini, Sheria ya Hongo ya 2016 inakupa saa 24 za kuripoti hongo unayoijua au kuishuku, kwa hiyo kunyamaza nako kuna kesi yake.

Unaishi karibu na mradi wa mkopo uliokwama: bango, picha, barua kwa ofisi ya uadilifu ya mkopeshaji, nakala kwa EACC. Soma pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu wizara au kaunti husika. Katiba inamtaka aitoe ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na mara nyingi hoja yako tayari imo humo kwa lugha ya kihasibu.

Afisa wa hapa amejenga ghafla, na mshahara wake unajulikana: hiyo ni kazi ya EACC moja kwa moja. Usiwasumbue Waingereza.

Kampuni imekwisha kuadhibiwa ng'ambo, na shirika la kwenu limetajwa kama lilivyotajwa Nzoia: kampuni hiyo haiwezi kuadhibiwa tena kirahisi, lakini waliopokea hongo wako hapa, na EACC inaweza kuulizwa kwa barua imefanya nini juu yao. Na kama adhabu bado haijatolewa, ushirika wa wakulima au bunge la kaunti unaweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu adai fidia. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya ufisadi, tarehe 9 Desemba 2003, na mkataba huo unaitambua haki ya kurudishiwa mali. Tajeni kitu mahususi mnachotaka pesa zifanye. Ombi lisilo na kitu mahususi huishia kuwa aya moja kwenye ripoti.

Huna nyaraka yoyote, una wasiwasi tu: usimtuhumu mtu. Andika ombi la habari, ukitaja mradi, namba ya kandarasi na karatasi unazozitaka, ulipeleke mwenyewe, na kabla hujatoka katika ofisi hiyo iandike tarehe ya siku ya 21 nyuma ya nakala yako yenye muhuri.